Maharage ya moto kofiani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: hadithi za wanyama wajanja wa Afrika Magharibi huwafundisha watoto maadili, au huwafundisha ulaghai?

Mchukueni Kwaku Ananse, buibui wa Waakani wa Ghana. Amefiwa na mama mkwe. Msibani anatangaza kwamba kwa uchungu alio nao hatatia kitu kinywani hadi siku ya nane. Njaa inamshinda kabla. Ananyemelea chungu cha maharage kilichoko motoni, anachota, mara anasikia watu wanakuja! Anayamimina kofiani, kofia anaivaa. Maharage yanamchoma utosi, naye anatikisa kichwa na kudai kwamba leo kwao ni sikukuu ya kutikisa kofia. Mwishowe kofia inamtoka mbele ya wakwe, na kipara alicho nacho kilianzia hapo.

Mtoto hakuhubiriwa neno. Ila akishacheka, ameshamhukumu mtu anayejitia kuumia kuliko wafiwa wenyewe. (Sote tunawajua hao, hata kwenye matanga yetu.)

Taabu ni pale Ananse anaposhinda. Nyame, mungu wa mbinguni, alitaka aletewe chatu, chui, nyigu na jini mdogo wa msituni ndipo atoe hadithi zake zote. Miji mikubwa kama Kokofu na Bekwai ilikuwa imeshindwa bei hiyo. Ananse akawanasa wote kwa hila, na hila nyingi alifundishwa na mkewe, Aso, ambaye wasimulizi wengi humruka. Nyigu aliwamwagia maji, akajimwagia na yeye, akawaambia mvua hiyo, ingieni kibuyuni mjikinge. Wakaingia, akaziba.

Binti yangu akauliza, "Baba, nyigu walimkosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia buibui ni mdogo, na mdogo hana nguvu ya kutegemea. Hakuridhika, na namwunga mkono.

Waashanti, tawi la Waakani, nadhani walilijua swali hilo zamani. Msimulizi wao wa jadi huanza kwa kukana: hatumaanishi, hatumaanishi kwamba haya tutakayosema ni ya kweli. Sisi tukishaitikia "Pakawa!" tunaingia moja kwa moja. Siku hizi, kabla ya Sungura, nami huanza kwa kukana. Binti yangu hunijibu, "Tunajua, baba. Endelea."