Kabla hujanunua darubini kubwa, hama kwanza kutoka karibu na bati la jirani

Miezi kama saba hivi nilikuwa naamini darubini niliyouziwa ni mbovu. Nalenga sayari ya Zohali (Saturn), naiona kabisa, kijiduara na pete yake, lakini inachezacheza kama sarafu iliyotumbukia kwenye mfereji, ukipiga picha inatoka kama punje ya muhindi iliyochemshwa ikapitiliza. Nikasema hapa nimepigwa. Nikabadilisha lensi ya jichoni, nikafuta kioo kwa kitambaa (usijaribu, nitakwambia kwanini), nikaanza kuulizia bei za darubini kubwa zaidi, kumbe muda wote huo mchawi wangu yuko mita kumi na tano kutoka niliposimama, nae ni bati la nyumba ya jirani.

Naishi Dodoma, nyumba ya kupanga. Mbele kuna zege la kupaki gari, nyuma kuna kibustani cha mama mwenye nyumba, matuta ya mchicha, mpapai mmoja na mizabibu miwili aliyoipandisha kwenye waya. Mimi kwa akili zangu nilikuwa naweka darubini kwenye zege kwasababu ni tambarare na stendi haizami. Sasa wanaoijua Dodoma wanajua jua la huku, zege na bati vinakula joto kutwa nzima halafu usiku vinaanza kulirudisha taratibu, hewa ya moto inapanda inachanganyika na ya baridi, na wewe ukiangalia sayari kupitia hapo ni sawa na kumwangalia mtu aliyekaa upande wa pili wa jiko la mkaa, unamuona lakini sura yake inatetemeka. Kwa macho hivi hivi huoni kitu. Ila ukikuza mara mia, ule mtetemo nao unakuzwa mara mia.

Siku niliyohamia matutani, kati ya mchicha na mpapai, ambako Zohali ilikuwa imepanda juu kabisa na chini yake hakuna paa la mtu, sikuamini. Darubini ile ile, simu ile ile. Pete imekaa. Sio muda wote, ilikuwa inatulia sekunde moja, mbili, halafu inavurugika tena, lakini katika zile sekunde nilijua sikuibiwa.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anaetaka kupiga picha za mwezi na sayari nyumbani ni huo, chunguza kwanza uwanja wako. Wengi wananiuliza kuhusu taa za mjini, eti mpaka niende porini ndio nione. Hapana bana, hiyo ni kwa wanaotafuta njia ya maziwa, ule utepe mweupe wa nyota. Mwezi, Zuhura (Venus), Mshtarii (Jupiter), hivi ni vitu vyenye mwanga wa kutosha, vinapenya hata kama jirani ana taa kubwa ya ulinzi getini. Kinachokuharibia ni hewa. Angalia nyota kwa macho tu, zikiwa zinakonyeza sana kama zimewekewa swichi, ujue sayari leo zitakusumbua, piga mwezi ukalale. Na kuna usiku una utandoutando kidogo, anga sio jeusi sana, mtu unaweza kukata tamaa, kumbe hewa imetulia na sayari imesimama kama imebandikwa. Mimi usiku wangu mzuri wa Mshtarii ulikuwa wa namna hiyo.

Muda nao una maneno. Saa mbili usiku bati bado lina moto. Kuanzia saa tano mambo yanaanza kukaa sawa, na saa tisa za usiku ndio tamu kabisa, ila kesho kazini utasinzia, chagua mwenyewe. Darubini yenyewe itoe nje nusu saa au zaidi kabla, mana nayo ikitoka ndani inakuwa na joto lake, kioo kinatakiwa kipoe kifanane na hewa ya nje.

Halafu sisi wa huku tuna bahati ambayo nadhani hatuijui. Njia inayopita mwezi na sayari, kwa mtu aliyeko karibu na ikweta, inapita karibu na utosini. Mtu wa London anaiona Zohali imeinama pale, na kitu kikiwa nyuzi 30 tu kutoka upeo wa macho unakiangalia kupitia hewa nene mara mbili ya ile ya utosini. Mimi napiga moja kwa moja juu. Tatizo ni shingo tu. Ila ukisoma maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya wanakwambia geukia kusini, ukigeukia kusini ukiwa Dodoma utaangalia ukuta wa jirani wakati Mshtarii iko kaskazini inakucheka. Pakua Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwenye kompyuta ni ya bure, iwekee mji wako, itakuonyesha kilipo kila kitu.

Vifaa sitakaa sana. Darubini yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa 525x, yani inakuza mara 525, nikajua sasa nitaona mpaka kokoto. Ilikuwa ya milimita 50. Kanuni ni kwamba ukuzaji wa maana mwisho wake ni kama mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, yani 50 inakupa mara mia, zaidi ya hapo unakuza ukungu. Niliyonayo sasa ni ya kioo ya milimita 130, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na kwa lensi ya jichoni ya milimita 10 inakuza mara 65. Haitishi kwa maneno, lakini mara 40 tu zinatosha Mshtarii ikiwa karibu nasi kuonekana pana kama mwezi mpevu unavyouona kwa macho. Kingine cha lazima ni kile kishikio cha kubana simu kwenye darubini. Usishike simu kwa mkono. Najua utajaribu, sote tulijaribu.

Sasa mwezi. Watu wote wanasubiri mwezi mpevu, na mwezi mpevu ndio mbaya kuliko yote kwa picha, jua linaupiga usoni hakuna kivuli, unatoka kama sahani. Piga kuanzia siku ya saba mpaka ya kumi, na mimi siku nazihesabu kwa kalenda ya Kiislamu ambayo jirani yangu ametundika sebuleni, hakuna apu inayoishinda. Siku hizo angalia pale mwanga unapokutana na giza, mashimo yote yamejaa vivuli, kingo zinang'aa, na ukifika siku ya tisa au ya kumi utaliona Copernicus, shimo la upana wa kilomita 93, limekaa pale kama alama ya tone la mvua kwenye vumbi. Mwezi mpevu uache kwa ajili ya Tycho tu, shimo lingine, ile miale yake meupe iliyotapakaa inaonekana vizuri siku hiyo.

Kosa la kila anaeanza ni mwezi kutoka kama taa, mweupe pee. Simu inaona giza kila upande inadhani inakusaidia inaongeza mwanga. Lakini fikiria, mwezi ni jiwe limesimama juani, kule ni mchana, na tena ni jiwe jeusi rangi ya lami iliyochakaa. Kwahiyo unapiga kama unavyopiga picha mchana. Kwenye simu bonyeza juu ya mwezi, acha kidole mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga mpaka uone mabaka. Mwenye kamera aanze na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (upana wa tundu la lensi), shata 1/100 (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde) kwa mwezi mpevu, ukiwa nusu aongeze mwanga kidogo. Na uweke taima ya sekunde mbili, kugusa kwenyewe kunatikisa kila kitu. Ila kama una kamera na lensi ya 300 mm usitegemee makubwa, mwezi unakaa kama milimita tatu tu kwenye sensa, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni picha nzuri ya kukata, sio ya kutundika. Na kuna simu zikigundua unapiga mwezi zinaung'arisha zenyewe zinaongeza na vitu, picha inapendeza lakini sio uliyoiona, mimi hizo sizihesabu.

Kuna siku kanuni ya mchana haifanyi kazi, nayo ilinikuta vibaya. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa, kuanzia saa 2:30 usiku mpaka saa 3:52 ulikuwa wote ndani ya kivuli cha dunia, mtaa mzima uko nje, mimi najifanya fundi, nimeweka shata 1/125 kama kawaida. Ulipogeuka rangi ya chungu kioo cha kamera kikawa cheusi tii. Nikadhani kamera imekufa, nikaanza kutoa betri nikarudisha, dakika ishirini zimekwenda hivyo hivyo, kumbe mwezi ukiwa ndani ya kivuli unahitaji sekunde nzima au zaidi na ISO ya 800 huko. Dada mmoja pembeni alikuwa na simu tu ameiegemeza kwenye ukuta kwenye modi ya usiku, akapata picha kunishinda.

Sayari ni mchezo mwingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanakosea wakijitahidi kupiga picha moja nzuri. Hakuna picha moja nzuri. Unapiga video. Kumbuka nilivyosema, pete inatulia sekunde moja inavurugika, sasa video inazikamata zile sekunde zote. Weka sayari ukingoni mwa lensi, shusha mwanga mpaka Mshtarii iache kuwa mpira mweupe uone mikanda miwili ya kahawia, funga fokasi, washa video, halafu ondoa mkono iache itambae yenyewe mpaka upande wa pili. Dunia ndio inazunguka. Kwa mara 65 inachukua kama dakika tatu kuvuka, kwa mara 130 kama dakika moja na nusu. Fokasi ichukulie kwenye miezi minne ya Mshtarii, vidoti vile alivyoviona Galileo mwaka 1610, vikiwa vidogo kama ncha ya sindano umepatia.

Dakika mbili za video kwa fremu (picha moja moja) 30 kila sekunde ni fremu 3,600. Unaipeleka kwenye kompyuta, kuna programu inaitwa PIPP inaiweka sayari katikati, halafu AutoStakkert inazipanga fremu kuanzia iliyotulia mpaka iliyovurugika, wewe unaiambia ichukue asilimia 20 za juu, ni fremu 720 hizo, inazibebanisha zinakuwa picha moja. Chenga za kwenye fremu moja haziko pale pale kwenye nyingine, kwahiyo zinafutana, sayari inabaki. Inatoka laini kama imepakwa mafuta, usiogope, unaiingiza kwenye programu nyingine, RegiStax, unavuta vile vitufe vya kunoa taratibu mikanda inajitokeza. Zote za bure. Ukivuta sana sayari inaota mduara kama kitunguu kilichokatwa, na mitandaoni vitunguu viko vingi.

Zohali msishangae pete imekuwa nyembamba, mwezi Machi 2025 ilitugeukia ubavu kabisa, sasa inafunguka kidogo kidogo kila mwaka. Mirihi (Mars) inatukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, katikati ya hapo ni kidoti chekundu, usijiumize.

Nilisema nitaeleza habari ya kioo. Vumbi la Dodoma linaingia kila mahali, na nilipoona kioo kimetanda nikakifuta na kitambaa cha miwani, lile vumbi ni mchanga jamani, nilikuwa nakipiga msasa. Mikwaruzo ipo mpaka leo. Vumbi kidogo haliharibu picha, pulizia kwa kipira cha hewa basi. Walioko Pwani shida yenu ni unyevu na fangasi, tunza lensi kwenye boksi lililofungwa pamoja na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya. Na mchana darubini ifunikwe, watoto wasiielekeze kwenye jua hata kwa utani, jicho linaondoka mara moja, hata Zuhura ya jioni subiri jua lizame kabisa ndio ulenge.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, mana nilikuwa nakanyaga mchicha wake usiku. Alinikuta saa tano akauliza, "Baba, hilo bomba unamchungulia nani?" Nikamwambia shikamoo mama, karibu uone. Akainama, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani haoni kitu, halafu akasema, "Hii umeichora humo ndani." Nikaisukuma darubini kidogo Zohali ikatoka, nikairudisha. Akaangalia tena, safari hii ameshika mpapai.

Tuta la mwisho sasa ni langu, hajapanda kitu hapo, nimeweka vigae vitatu vya miguu ya stendi. Sharti alilonipa ni kwamba mchicha uliobaki namwagilia mimi, ndoo nne kila jioni, na kusema kweli siku nikimwagilia vizuri hewa ya pale inatulia mapema.