CV ya kurasa nne ilininyima kazi

Mmeuliza wiki hii, kazi ya kwanza ugenini uliipataje? Haya, mi najibu nikiwa hapa Ujiji, nimesharudi zangu.

2019 nilimfuata waifu Winnipeg, Kanada, yeye alikuwa anasoma mastaz na mi nikapewa kibali cha kufanya kazi. Nikabeba CV yangu ya kurasa nne, jamani ile CV ilikuwa na kila kitu, pasipoti saizi nimepiga tai ya kuazima, tarehe ya kuzaliwa, dini, nimeoa, shule ya msingi, wadhamini watatu na mmoja wao mwenyekiti wa mtaa. Nikaigawa kama karanga. Miezi miwili kimya, hata simu ya kukosea namba haiji.

Siku moja kituo cha basi nikasikia mama anaongea Kiswahili kwenye simu, kumbe Mkongo wa Uvira, jirani yetu kabisa wa ziwa hili hili la Tanganyika. Nikamuonyesha CV, alicheka mpaka akakaa. Kaka, picha toa, dini toa, umri toa, mambo ya ndoa toa, huku mwajiri hata kukuuliza hayo anaogopa, sheria ya kupinga ubaguzi inambana. Ukurasa mmoja, mbili mwisho, na kila tangazo unaliandikia upya. Halafu akaiona SIN, ile namba ya serikali ya tarakimu 9 ambayo unaihitaji ili ufanye kazi Kanada (kuipata ni bure, msitapeliwe), mi nilikuwa nimeiandika juu kabisa nikijua ndo ujanja. Akasema hiyo unampa mwajiri ukishaajiriwa, wezi wakiipata wanakopea jina lako.

Na wadhamini wa Kigoma nani atawapigia? Akanipeleka kujitolea kupanga maboksi sehemu wanayogawa chakula kwa wasio nacho, kila Jumamosi, bila hata nauli. Roho iliniuma sana, mtu mzima na familia yangu nabeba maboksi ya bure! Ila msimamizi wa pale ndo akaja kuwa mdhamini wangu.

Intavyu yenyewe ilikuwa ya supamaketi, zamu ya usiku. Dada akaniuliza umewahi kufanya kazi yenye presha? Sasa sisi tumelelewa kujisifu mbele ya watu ni kukosa adabu, nikaangalia chini nikasema kidogo. Akanyamaza, ananisubiri. Ndo nikaikumbuka Kibirizi, mwalo wetu wa samaki Kigoma, nikamwambia boti ya migebuka ikiingia alfajiri na barafu hamna, una masaa machache tu samaki asiharibike, hapo unahesabu, unapanga, unagombana na wabebaji, na wateja wako wanakuvuta shati. Akaandika wee mpaka akageuza karatasi.

Wiki iliyofuata wakaniita, usiku wa kwanza wakanipanga kwenye friza la samaki. Nje ilikuwa nyuzi -30, yani humo ndani ya friza ndo kulikuwa na afadhali.