Roboti inajuaje njia chini ya ardhi?

SWALI: Habari za kazi wakuu. Mi nachimba dhahabu huku Makongolosi, Chunya. Nikishuka duarani, yaani shimoni kwenye mgodi, mita chache tu ramani ya simu inaganda, kile kidoti cha bluu kinabaki juu huko kwenye karasha la kusagia mawe. Juzi kijana wangu kanionyesha video, roboti ya miguu minne inatembea yenyewe ndani ya mgodi, giza totoro, hamna mtu anaiendesha. Sasa inajuaje iko wapi? Au wenzetu wana satelaiti kali zaidi?

JIBU: Hamna mkuu, satelaiti ya hivyo haipo. Zile za GPS ziko juu kama kilomita 20,000, mawimbi yake yakifika huku yameshachoka kabisa, paa la zege tu linayasumbua sembuse mwamba. Kwahiyo roboti ikiingia chini inaishi kama mtu aliyeamka usiku umeme umekatika, anahesabu hatua huku anapapasa ukuta.

Hatua inazihesabu kwa miguu yake pamoja na kifaa cha ndani kinachosikia imegeuka kiasi gani. Kupapasa ndo ile miale ya leza, inarushwa maelfu kwa maelfu kila sekunde, inagonga mwamba inarudi, umbali unajulikana, hapo hapo inachora ramani na hapo hapo inajitafuta ndani ya ramani ambayo haijaisha kuchorwa. Ndio, inachanganya, hata waliotengeneza iliwatoa jasho.

Tatizo kosa dogo linakua. Ukikosea kona digrii 1 tu, ukitembea mita 100 umeshapotea karibu mita 1.75, na kona inayofuata unaongezea lingine juu yake. Dawa ni kupita tena pale ulipopita. Ni kama umepotea sokoni Mwanjelwa, unazunguka weee, ghafla unamwona yule yule mama wa mandazi, kichwani njia zote zinajipanga upya. Roboti nayo ikiitambua kona ya zamani inanyoosha ramani nzima. Ila handaki refu lenye kuta laini zinazofanana mwanzo mwisho linaidanganya, inaona kama haijasogea, na vumbi nalo linarudisha leza kama ukuta vile.

Mwaka 2021 DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, ilifanya fainali ya mashindano ya haya mambo chini ya ardhi kule Louisville, Kentucky. Roboti zilitafuta vitu 40 vilivyofichwa, simu, mabegi, masanamu ya watu, na ukikosea mahali kitu kilipo kwa zaidi ya mita 5 hupati pointi. Timu ya CERBERUS ikabeba dola milioni 2 kwa pointi 23, na wa pili nao walikuwa na 23, wakatenganishwa kwa muda. Yaani mabingwa wenyewe wamepata nusu na kidogo.

Kwa duara lako linaloshuka wima kwa kamba, hiyo ya miguu minne ingekaa juu na kidoti chako cha bluu. Labda droni, nayo mapanga yake yangetimua vumbi lote la humo ndani.