Simbilisi analia akikojoa
Dadangu, mkojo mweupe wenye ukungu kwa simbilisi mara nyingi si ugonjwa, ni kalsiamu ya chakula inatoka. Ila huyo wako unayesema analia akikojoa, kajikunja mgongo, na kitambaa anacholalia kina doa la damu, yamkini ni mawe ya kibofu au maambukizi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Mkojo usipotoka kabisa, usingoje hata jioni. Tafadhali usimpe amoksilini (dawa ya kuua bakteria) ya dukani! Huvuruga bakteria wazuri wa tumboni, na simbilisi huweza kufa nayo. Wangu, ili kupunguza hiyo kalsiamu, nilimpunguzia mchicha na sukuma wiki ninazonunua soko la Kongowea, nikamjazia nyasi kavu, na kwa joto hili la Mombasa maji yake nayabadilisha asubuhi na jioni.