Mashine ya babu na vipele vya shingoni

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza kama mashine ya wembe ya shaba nyeusi uliyoachiwa na babu bado inafaa, maana inakuletea vipele shingoni. Inafaa sana, usiiuze! Hiyo ni shaba iliyochanganywa na bati, haili kutu kama chuma. Ule ukijani unaoshika juu yake sugua kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha.

Vipele vinatokana na kukandamiza. Mashine ni nzito, iache ishuke yenyewe, wembe ukilalia ngozi kwa nyuzi kama 30. Lainisha ndevu kwanza kwa taulo la maji moto, kisha povu zito. Sabuni ya mche ya kufulia hapana, inakausha ngozi. Papasa shingo kwa kidole ujue ndevu zinalalia wapi: zangu chini ya koromeo zinalalia upande wa sikio, nazifuata hukohuko. Wembe ukianza kuvuta, badilisha.