Kabla Hujaacha Mshahara Ukauze Bima

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu akiwa na barua mbili mbele yake. Moja ilikuwa ya ajira: mshahara wa kawaida, bima ya afya ya familia, pensheni na likizo yenye malipo. Nyingine ilikuwa mkataba wa uwakala wa bima, usio na mshahara wowote, ila kamisheni ambayo ukiipigia hesabu kwa wateja 10 inaupita ule mshahara mara mbili. "Dada, nichukue ipi?" Nilimwomba siku mbili za kufikiri. Swali hilo nililijibu vibaya mimi mwenyewe miaka 7 iliyopita, na sikutaka naye alijibu kwa haraka niliyokuwa nayo mimi.

Hesabu yangu wakati ule ilikuwa fupi. Nilichukua mshahara, nikaugawa kwa kamisheni ya bima moja, nikapata idadi ya bima za kuuza kila mwezi. Mwezi wa kwanza niliuza zaidi ya hiyo idadi. Ila walionunua walikuwa watu wangu: shangazi, jirani, wenzangu wa ofisi niliyotoka. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimewamaliza, na kuanzia hapo kila mteja alikuwa mtu asiyenijua, asiyeniamini, na asiyeona sababu ya kupokea simu yangu. Kwa hiyo mauzo ya miezi mitatu ya mwanzo yasikupe picha ya kazi hii. Hayo ni mauzo ya undugu.

Halafu yakaja marejesho. Nilikuwa nauza bima ya maisha, na kampuni ilinilipa kamisheni ya mwaka mzima mara tu mteja alipolipa ada ya mwezi wa kwanza. Ni pesa inayofurahisha, lakini bado si yako. Mteja akiacha kulipa baada ya miezi 4, wewe umestahili kamisheni ya miezi 4 kati ya 12, na ile ya miezi 8 inadaiwa. Hawakutumii mtu wa kudai. Wanaikata kwenye bima unazouza sasa, na unaweza kuhangaika mwezi mzima, ukauza vizuri, kisha taarifa ya malipo ikaja na sifuri. Shangazi yangu aliacha kulipa, na jirani pia. Kamisheni zao zilikuwa zimeshalipia karo ya mtoto.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa uzazi. Bima ya afya ya kikundi, ile ya mwajiri, mara nyingi humpokea mfanyakazi na maradhi aliyonayo. Ukijinunulia mwenyewe, mara nyingi unawekewa kipindi cha kusubiri, yaani unalipa ada lakini bima bado haikugharimii, hasa kwa uzazi na kwa magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Nililijua hilo vizuri kwa sababu nilikuwa nikiwaeleza wateja karibu kila siku. Hata hivyo nilikuwa nimeacha kazi bila kujinunulia yangu, nikaja kuinunua miezi 5 baadaye, na nilipojifungua kipindi cha kusubiri kilikuwa hakijaisha. Gharama zote tulizitoa kwenye akiba. Likizo ya uzazi sikuwa nayo, kwa kuwa wakala anayejitegemea si mwajiriwa, na asipouza halipwi. Mtoto akiwa na wiki 3 nilikuwa nimempakata kwa mkono mmoja na simu iko kwenye mkono wa pili.

Ndiyo maana mdogo wangu nilimpigia hesabu nyingine. Tuseme mshahara ni 100. Mchango wa mwajiri kwenye pensheni tuuweke 10, bima ya afya ya familia 9. Wiki 4 za likizo katika wiki 52 ni karibu 8. Tayari uko 127, na hapo bado hujaweka nauli, vifurushi vya simu, leseni, mafunzo, na wateja unaowafuata mara tano kisha wanakataa. Kwangu hayo yalikula kama 25. Kumbe ili usimame pale pale ulipokuwa, kamisheni iliyokwisha kuvuka muda wa marejesho inapaswa kufika 152. Weka namba zako mwenyewe, ila usiruke mstari hata mmoja. Kodi ipigie hesabu pande zote mbili, na ile ya kamisheni iweke kando siku ile ile unayolipwa.

Mbona basi mimi sikurudi kuajiriwa? Mwaka wa tatu niliitwa kazini, mshahara mzuri na mafao yote, nikakataa. Kufikia wakati huo nilikuwa nimehamia zaidi kwenye bima za mwaka mmoja mmoja: magari, nyumba, maduka. Kamisheni yake ni ndogo, lakini mteja akihuisha bima inakuja tena, wakati ya bima ya maisha huwa kubwa mwaka wa kwanza kisha ikashuka sana. Karibu nusu ya mapato yangu ilikuwa inatoka kwa watu niliokwisha kuwauzia. Hapo mizani ilikuwa imebadilika kweli.

Lakini hilo linategemea mkataba. Kabla ya kusaini, uliza wateja ni wa nani siku ukiondoka, na kama kamisheni za kuhuisha zitaendelea kukufikia. Mwenzangu mmoja alijenga wateja kwa miaka 6, akahama, akaondoka na daftari la namba za simu tu.

Na kuna jambo ambalo nalionea uchungu kuliko yote. Wakala mwenye njaa ni hatari kwa mteja. Mwezi ule wa sifuri nilimuuzia mama mmoja bima kubwa kuliko uwezo wake, nikijua. Alilipa mara 3 akashindwa, na pesa yake ikapotea. Akiba ya miezi 6 ya matumizi ya nyumbani inakulinda wewe, na inakuwezesha pia kumwambia mteja, "Hii huihitaji."

Mdogo wangu ana watoto wawili, shemeji naye amejiajiri, na akiba yao haifiki mwezi mmoja. Nilimwambia achukue ajira. Akiwa humo ajenge akiba, na kama mwajiri ataruhusu kwa maandishi, auze bima za magari jioni na Jumamosi, tuone baada ya mwaka ni wateja wangapi wamehuisha. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama namkatisha tamaa. Nikamwambia hapana, aje Jumapili na ule mkataba wa uwakala, tuusome pamoja kuanzia kipengele cha marejesho.