Ukifungua rangi, ifunge: kwa wanaoanza kuandikia BBS

Vijana wanaojiunga na ubao wetu wa matangazo hapa Lamu, ule wa kompyuta wa maandishi matupu uitwao BBS, huuliza jambo moja kabla ya yote: rangi natiaje? Nitajibu kwa urefu, maana jibu la mkato ndilo linalochafua skrini za wenzetu.

Yasahau kwanza mazoea ya programu za kuandikia barua, ambako unachagua neno, unabonyeza nyekundu, na neno hilo peke yake linageuka. Kwenye BBS maandishi husafiri herufi baada ya herufi, na rangi ni amri iliyochomekwa katikati yake. Amri ikishafika, kila kinachofuata hutoka kwa rangi hiyo mpaka ije amri nyingine. Ni kama bomba la maji: ukilifungua ukaenda zako, litamwaga tu.

Amri yenyewe, ya mtindo uitwao ANSI, huanza na herufi nambari 27 ya ASCII, jedwali linaloipa kila herufi ya kompyuta nambari yake. Herufi hiyo huitwa ESC, nayo haionekani. Baada yake huja bano mraba la kufungulia, kisha tarakimu, kisha herufi ndogo m. Mwenye Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, au kompyuta ya Linux, aandike hivi aone kwa macho yake:

printf '\033[1;33mBAMVUA\033[0m leo\n'

Hiyo 033 ni 27 ikihesabiwa kwa msingi wa nane. 1 inang'arisha, 33 ni manjano, nukta mkato inazitenganisha, na 0 inarudisha hali ya kawaida. Sasa ondoa \033[0m urudie. "Leo" nayo imekuwa ya manjano, na huenda hata amri utakayoandika baadaye ikatoka hivyo hivyo. Ukilielewa jaribio hili dogo, umeelewa sehemu kubwa ya kazi. Rangi za maandishi ni 30 hadi 37, za mandhari ya nyuma ni 40 hadi 47.

BBS ya kwanza, ile ya Ward Christensen na Randy Suess iliyofunguliwa Chicago mwezi wa Februari 1978, haikuwa na mapambo haya. Kwenye kompyuta za DOS rangi zilipata njia mwaka 1983, MS-DOS 2.0 ilipokuja na ANSI.SYS, faili ya kuzitafsiri amri hizi. Na hazikuwa za bure. Modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya wa simu, ikiwa ya biti 2400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 tu kwa sekunde, kwa hiyo skrini ya safu 80 na mistari 25 ilichukua zaidi ya sekunde nane kujaa, na kila amri ya rangi iliongeza muda. Ndiyo maana matangazo mazuri ya zamani yana rangi chache zilizowekwa mahali pake. Mimi naona ubahili ule ulikuwa mwalimu mzuri.

Kwenye ubao wetu, unaoendeshwa na programu iitwayo Mystic, hamtaandika ESC kwa mkono. Mtaandika mkwaju wima na tarakimu mbili: |12 ni nyekundu inayong'aa, |14 manjano, |07 kijivu cha kawaida. Programu ndiyo inayozigeuza kuwa amri za ANSI. Kila programu ya BBS ina misimbo yake. Synchronet hutumia Ctrl-A na herufi, PCBoard huandika @X1F kwa maandishi meupe juu ya buluu, WWIV hutumia Ctrl-C na tarakimu. Msimbo wa ubao mmoja ukiupeleka kwa mwingine, mara nyingi wasomaji huona takataka. Ulizeni kwanza.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu makini. Kwa ANSI, 31 ni nyekundu na 34 ni buluu. Kwa misimbo ya mkwaju, |01 ni buluu na |04 ni nyekundu. Hakuna aliyekosea kuandika jedwali. ANSI huhesabu nyekundu 1, kijani 2, buluu 4. Kadi za skrini za kompyuta za IBM zilihesabu buluu 1, kijani 2, nyekundu 4. Rangi nyingine ni kujumlisha. Nyekundu na kijani hufanya manjano: 1 na 2 ni 3 kwa ANSI, lakini 4 na 2 ni 6 kwa IBM. Buluu na kijani hufanya feruzi, nayo ni 6 huku na 3 kule. Kijani ni 2 pote, zambarau ni 5 pote. Ukilishika hilo huhitaji kukariri majedwali mawili. Jueni pia kwamba manjano isiyong'arishwa kwenye skrini za IBM hutoka kahawia, ndiyo sababu tunaandika |14 wala si |06.

Ratiba za boti ndizo zinazoumbuka zaidi. Andika |12Faza|07 uhesabu: herufi kumi kwenye faili, nne tu kwenye skrini. Anayepanga safu kwa kuhesabu alichoandika atakuta saa ya boti ya Faza imesogea nafasi sita kushoto, haiko tena chini ya ile ya Mokowe. Pangeni ratiba nzima bila rangi, hakikisheni safu zimesimama wima, ndipo mchomeke misimbo. Msiguse nafasi tena baada ya hapo.

Buluu iliyokoza juu ya nyeusi iacheni kabisa. Msomaji wetu mara nyingi amesimama gatini saa saba mchana, jua la utosi, simu mkononi, hataona kitu. Maandishi ya kumetameta nayo yanachosha macho. Na msiifanye rangi iwe ndiyo habari yenyewe. Ukiandika boti zinazoondoka kwa kijani na zilizoahirishwa kwa nyekundu bila neno lolote, asiyetofautisha rangi hizo mbili, na wapo wanaume wengi wa hivyo, atashuka gatini bure. Andika IMEAHIRISHWA, kisha ndiyo uipake.

Tanzia zibaki kijivu cha kawaida, kuanzia jina la marehemu hadi saa ya maziko. Hili silo sharti la kompyuta, ni adabu yetu, nami nalisimamia.

Mkinukuu tangazo la mwenzenu, tazameni lilipoishia. Kama hakufunga rangi, jibu lenu litatoka kwa rangi yake, na yeyote atakayenukuu baada yenu atarithi. Tieni |07 mwisho wa nukuu hata kama mnadhani ipo. Ni herufi tatu tu.

Kabla ya kubandika, fungueni tangazo kwenye simu ya mtu mwingine, si yenu, maana kila programu ina manjano yake na buluu yake. Kisha zimeni rangi kwenye mipangilio yenu mlisome tena. Likieleweka hivyo, na saa za maji kujaa na kupwa zikisomeka, libandikeni.